Papa Nathanaël Kisimba na Sentensi Isiyo na Mtenda

Wasifu huu umeandikwa na Mélanie, mdogo wake marehemu, na unasomwa naye leo Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, hapa makaburini Kalemie. Uliandikwa mara mbili. Wa kwanza marehemu aliusikia akiwa kitandani, akaukataa. Sababu nitaisema mahali pake. Tumekesha siku tatu na wote tumechoka, kwa hiyo sitapamba maneno.

Papa Nathanaël Kisimba alizaliwa Moba tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili kati ya saba. Baba yetu, Papa Mulongo, alikuwa karani wa bandari. Mama yetu, Mama Elisabeth, alilima mihogo na kuanika samaki. Marehemu alibatizwa na mapadri wa misheni Pasaka ya mwaka ule ule. Mwaka 1966 baba alihamishiwa bandari ya Kalemie, familia ikaja kwa meli na mizigo yake yote, na tangu hapo mji huu ukawa wetu.

Shule ya msingi aliianza Moba na kuimalizia hapa. Alipata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, mwaka 1978, kisha akasoma ualimu wa Kiingereza Lubumbashi hadi mwaka 1981. Kiingereza hakukianzia darasani. Alikianzia gatini, akiwapelekea chakula baba na wenzake, kwa kusikiliza mabaharia waliotoka Kigoma. Baba alimwonya kwamba lugha ile haitampa kazi katika nchi ya Kifaransa. Alimjibu kwamba atangoja.

Alifundisha katika mji mdogo wa Bendera tangu 1981, kwa watoto wa wafanyakazi wa mtambo wa umeme, hadi 1990. Kisha akarudi Kalemie, akafundisha miaka thelathini na mmoja katika shule ya sekondari iliyo nyuma ya stesheni.

Ndoa yake ilianza kwa barua. Mwaka 1984, akiwa likizoni Kalemie, alimpenda Micheline, binti wa mfugaji wa Pepa, aliyekuja Kalemie kwa shangazi yake. Kwa aibu alimwandikia kwa Kiingereza. Micheline hakukijua, akampelekea kaka yake, naye akamfasiria: inafaa ujue kwamba unapendwa. Micheline alirudisha karatasi ile ile, chini yake ameandika: “Barua inasema banakupenda. Ni banani?” Yaani, wanaokupenda ni akina nani? Marehemu alisafiri hadi Pepa kujibu kwa mdomo. Walifunga ndoa huko tarehe 20 Julai 1985, na mzee wa Pepa akamwambia mkwe wake kwamba ng’ombe hawaelewi Kiingereza, alete maneno mafupi.

Marehemu aliwaambia wanafunzi kwamba somo lake kubwa alifundishwa na mke wake. Lilikuwa ni somo la kauli ya kutendwa. Sisi watu wa huku hatutumii sana kutendwa. Tunasema “balivunja mulango”, yaani walivunja mlango, na huyo “ba” anabaki hewani, hana uso. Kwa hiyo wanafunzi walipofika kwenye Kiingereza walichanganyikiwa, naye akawafundisha kwa subira. Ukisema kwa Kiingereza kwamba mlango ulivunjwa, alieleza, msikilizaji atauliza mara moja ulivunjwa na nani. Lakini ukiingiza kuvunjwa huko ndani ya sentensi ndogo, ukasema kwamba mlango ambao ulivunjwa umekwisha tengenezwa, msikilizaji atakimbilia kutengenezwa, na mvunjaji atapita. Mwizi hajifichi sebuleni, alisema. Anajificha chumba cha nyuma. Sentensi ndogo ndiyo chumba cha nyuma. Kwa hiyo kila mwanafunzi wake aliyeandika “which was” bila “by”, ile “na” inayomtaja mtenda, alirudishiwa daftari lenye maneno mawili ya wino mwekundu: na nani? Walimwita Metre Bai, yaani Mwalimu “By”. Hakukasirika. Nilimshauri awakataze, akasema jina la bandia lenye sarufi sahihi si tusi.

Sasa nafika pale alipoukataa wasifu wa kwanza.

Mwaka 2014 shirika moja la wageni lilisaidia kujenga madarasa mawili shuleni kwake. Alhamisi, tarehe 17 Novemba 2016, mvua ilinyesha tangu asubuhi, na ukuta wa darasa moja ukaanguka. Mtoto mmoja aliumia: Carmel, wa miaka kumi na tatu. Mguu wake wa kushoto ulivunjika mahali pawili, na haukurudi kunyooka. Shirika liliomba ripoti kwa Kiingereza. Prefe, mkuu wa shule, alimpa marehemu kazi hiyo, kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza.

Mimi nilikwenda nyumbani kwake jioni ya Ijumaa. Alikuwa ameandika ukurasa mmoja. Nilisimama mlangoni, sikukaa, nikamwambia kama mdogo kwa kaka yake mkubwa: “Yaya, usimuandike.”

Hakuniuliza ni nani. Aliniuliza kama mimi ndiye yule anayefundisha watoto katekisimu kila Jumamosi. Nilisema ndiye. Akachukua karatasi nyingine.

Ripoti ilisema kwamba ukuta, ambao ulikuwa umejengwa mwaka 2014, ulianguka baada ya mvua kubwa. Kwa Kiingereza ilikuwa sentensi safi. Wageni waliisoma, wakakimbilia mvua, wakaandika barua ya pole. Hakuna aliyeuliza.

Mwaka uliofuata marehemu alimwomba prefe amwondoe madarasa ya juu ampe ya chini. Alisema sauti imechoka. Sauti yake ilikuwa nzima. Katika madarasa ya chini somo la kutendwa halimo.

Carmel alikosa mwaka mzima wa shule. Marehemu alikwenda kwao kila siku saa kumi, isipokuwa Jumapili, akamfundisha Kiingereza na Kifaransa na hesabu, hata alipokwisha rudi darasani kwa magongo. Mama yake alidhani ni wema tu. Carmel mwenyewe amenieleza kwamba walipofika kwenye kutendwa alitakiwa atunge mfano, akaandika: ukuta ambao ulijengwa uliniangukia. Mwalimu alisoma, akafunga daftari bila wino mwekundu.

“Metre, haujaniuliza na nani,” Carmel alimwambia.

“Leo siulizi, mwanangu.”

Carmel alipata diploma ya serikali mwaka 2022. Yuko hapa, safu ya pili, amekaa kwa sababu hawezi kusimama muda mrefu.

Marehemu alistaafu mwaka 2021. Mwaka uliofuata ilijulikana kwamba ana kisukari, na figo zikafuata. Februari 2024 tulimvusha ziwa kwenda Kigoma kutibiwa, akakaa wiki sita, akarudi mwepesi kama mtoto. Mama Micheline alimuuguza bila kulalamika, na wote mliobisha hodi mlimkuta ameketi kando yake. Mwisho wa Septemba mwaka huu aliomba kusikia wasifu wake akiwa hai. Nilimwambia ni mkosi. Alisema mkosi ni kusomewa makosa ya sarufi ukiwa huwezi kuyasahihisha.

Nilisoma. Nilipofika kwenye maneno “baada ya kuanguka kwa ukuta uliojengwa mwaka 2014”, aliinua mkono.

“Mélanie. Na nani?”

Nilimwambia apumzike. Alisema nimempumzisha tangu 2016, hapati usingizi. Nilimwambia kwamba mambo yamepita, kwamba mtoto amesoma, kwamba watu watacheka ukoo wetu kaburini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza kila mwanafunzi mwenye visingizio. Kisha akasema: “Sitaki kuzikwa na hiyo sentensi. Imalize.”

Hakusema zaidi juu ya hilo. Alifariki Jumamosi, tarehe 11 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, mke wake akiwa amemshika mkono.

Jumapili nilimwambia mume wangu kwamba karatasi inakwenda kupigwa chapa, na nikamsomea. Alivua kofia, akauliza kama Carmel atakuwepo. Nilisema atakuwepo. “Basi usome polepole,” alisema. “Nami nitakuwa pale.”

Nasoma polepole. Ukuta ulioanguka tarehe 17 Novemba 2016 ulijengwa na Gérard Ilunga, fundi mwashi, mume wangu. Ulijengwa kwa mchanga mwingi na saruji kidogo. Saruji iliyobaki ililetwa nyumbani kwetu na Gérard, ikamwagwa sebuleni na sisi wawili, na sakafu hiyo imefagiliwa na mimi kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja. Jina la Gérard liliachwa nje ya ripoti na Nathanaël Kisimba, ambaye aliombwa na mimi.

Carmel, mama yake Carmel, hatuwaombi mjibu leo. Kesho asubuhi mimi na Gérard tutakuja kwenu. Mkitufungia mlango, tutarudi keshokutwa.

Marehemu ameacha mjane, Mama Micheline, watoto watatu, Joël, Viviane na Aristide, wajukuu wanane, ndugu wanne walio hai, na wanafunzi ambao hesabu yao hatuijui.

Mungu ampokee mtumishi wake Nathanaël, na ampe lile pumziko ambalo mimi nilimnyima.