Sakafu Isiyorudia

Kijiwe cha Makalvati kiko Mwabungo, pale njia ya baharini inapoachana na barabara kuu. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya makalvati mawili, mabomba ya zege ambayo mkandarasi wa barabara aliyasahau, au alichoka kuyabeba, na kila alasiri ubao huo hubeba watu wasio na pa kwenda ambao hawataki kukiri. Iddi Redio hukaa mwisho wa kushoto, kwa sababu upande huo simu yake hushika mtandao; habari za dunia huzianza yeye, ingawa hakuna hata moja aliyowahi kuimaliza. Abdulwahab, aliyewahudumia Wajerumani mezani huko Diani kwa miaka ishirini na sita, huitwa Balozi na hukaa katikati. Jacktone, mtu wa Siaya anayelinda bwawa la kuogelea la hoteli, hukaa awe na zamu au asiwe nayo. Mbele yao Bi Jumwa ana jiko lake la makaa na mdila wa kahawa chungu. Alhamisi ile wa mwisho kufika alikuwa Fundi Garama, ambaye wote humwita Taili kwa kazi yake ya kulaza taili. Alikuja na gunia la sukari lenye kitu bapa ndani, akakaa bila kusalimia, na mtu asiposalimia kijiweni pale hujulikana kuwa jambo limemfika.

Bi Jumwa alimmiminia kikombe, akamuuliza lile swali lake la kila siku.

— Mwenzio hajarudi?

— Hajarudi, Bi Jumwa.

Miaka minne swali lilikuwa hilo na jibu lilikuwa hilo. Hafsa, mkewe Garama, alikuwa kwao Mkwiro.

— Umeiona niliyokutumia? — aliuliza Iddi.

— Nimeiona. Sikulala.

— Mmeona nini? — aliuliza Balozi. — Semeni, msininong'onee kama mnanisengenya.

Iddi alikohoa kidogo, akakaa sawa.

— Sikiza, Balozi. Habari yenyewe si ya leo, imeshapita miaka kadhaa, ila hapa imefika jana. Maprofesa wa hesabu duniani walikuwa wakitafuta taili. Taili moja tu, umbo moja. Ukiilaza inajaza sakafu bila mwanya, lakini mchoro wake haujirudii. Hata ukitembea juu yake kutoka hapa mpaka Lamu, hufiki mahali ukasema, aa, kuanzia hapa ni yaleyale. Wametafuta zaidi ya nusu karne. Na aliyeipata si profesa! Ni mzee mstaafu huko Uingereza, akikata makaratasi nyumbani kwake.

Akikata makaratasi nyumbani kwake. Maneno hayo yalimchoma Garama upya, kama yalivyomchoma usiku kucha. Yeye pia alikata makaratasi. Alianza mwaka ule alipokuwa akilaza taili za pembe sita kwenye veranda ya nyumba ya wageni huko Diani, grainda ya kukatia ikateleza, likatoka pande la ajabu ambalo alitaka kulitupa na mkono ukakataa. Akakata jingine kama lile, na jingine, yakashikana kwa namna ambayo hakuwahi kuiona katika ufundi wake wote. Aliilaza veranda nzima kwa umbo lile. Mwenye nyumba akaja, akasema sakafu imepinda inamtia kizunguzungu, ikang'olewa yote wiki hiyohiyo. Garama hakuwa na digrii. Alikuwa na kidato cha pili na magoti mabovu. Basi akaenda kuilaza nyumbani kwake.

— Kwa hivyo wamekuibia, — alisema Balozi.

— Sijasema nimeibiwa.

— Sasa utasema nini? Mimi nilikuwako! Pale kwenye veranda alifikia Mjerumani mmoja mrefu, nilikuwa nikimpelekea kiamshakinywa. Siku mbili alikuwa amepiga magoti sakafuni na tepu ya kupimia. Nikadhani ameangusha lenzi ya jicho.

— Lakini aliyeipata ni Mwingereza, Balozi, — alisema Iddi.

— Wanapeana! Wewe unadhani wale wana siri?

— Buda, hiyo ni simu, — aliingilia Jacktone. — Taili si alipiga picha ya floor yake? Hizi simu zinaskia, zinaona, zinatuma. Picha imeenda kwa kompyuta zao, AI ikaichambua, wakaipea huyo mzee aseme ni yake. Iko wazi.

— Mzee wa nini sasa? Si wangeipa kijana mwenye nguvu? — aliuliza Bi Jumwa.

— Mzee hashukiwi, Bi Jumwa. Ndio maana.

Iddi hakutaka kushindwa na mtu wa bwawa la kuogelea.

— Nyinyi mnatazama juu juu. Jiulizeni, serikali kubwa zinataka taili za nini? Mchoro usiojirudia hauwezi kufuatwa. Rada yenyewe inafanya kazi kwa kurudia, inapiga inarudi, inapiga inarudi. Ukiivika ndege taili za Garama, rada inachanganyikiwa. Hii si hesabu, hii ni silaha. Mtaniambia siku kisiwa cha Wasini kitakapogeuzwa kambi ya jeshi.

— Wasini tena imeingiaje? — aliuliza Bi Jumwa.

Garama alitoa kile kitu ndani ya gunia. Kilikuwa kipimo chake cha plaiwudi, cha kuchorea umbo lile, kimelainika kwa kushikwa mpaka kingo zinang'aa. Iddi alikiweka kando ya simu yake, akahesabu pembe kwa kidole.

— Lao lina pembe kumi na tatu. La kwako... kumi na mbili.

Garama aliijua hesabu hiyo tangu usiku. Alikuwa ameihesabu mpaka macho yakamwuma, akitumai amekosea.

— Wameongeza moja! — alipiga paja Balozi. — Mwizi wa baiskeli hubadilisha rangi. Wao wamechonga pembe moja ili isitambulike!

Walicheka, na Garama alitaka kucheka nao akashindwa. Hakutaka fidia wala jina gazetini. Alikuwa na ujumbe kwenye simu alioandika alfajiri na hakuutuma: *Hafsa, ile sakafu ilikuwa kweli.* Hilo ndilo alilolitaka. Alitaka mtu mmoja anayejua aitazame, aseme ni kweli, kisha yeye Garama abonyeze kidole ujumbe uende Mkwiro. Kwa maana Hafsa hakuondoka kwa sababu ya mwanamke wala kipigo. Aliondoka kwa sababu ya taili. Sebule ilipojaa, na mchoro haujajirudia hata mara moja, Garama aliona ukuta umemkatiza. Hafsa alikuwa amekwenda mazishini Msambweni kwa siku tatu. Aliporudi alikuta ukuta wa jiko hauko, meko yake yamehamishiwa uani, na mumewe amepiga magoti mahali alipokuwa akipikia, akilaza taili.

— Yule kule mwalimu, — alisema Bi Jumwa. — Mwiteni, si ndiye anayesomesha hesabu?

Mwalimu Mbinya alikuwa amehamishwa kutoka Makueni muhula uliopita, anafundisha sekondari, na kijiweni alikuwa amesimama mara mbili tu kununua kahawa. Alivuka barabara akiwa na daftari za wanafunzi kifuani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu. Karibu. Jacktone, ondoka, mwalimu akae, — alisema Bi Jumwa.

Walimweleza wote kwa pamoja: Mjerumani, simu, rada, pembe iliyoongezwa. Mwalimu alisikiliza bila kucheka, na Garama akampenda kwa hilo. Habari ya mzee wa Uingereza aliijua, alikuwa amewaonyesha wanafunzi wake. Aliomba kipimo cha plaiwudi, akakigeuza mikononi kwa muda mrefu.

— Fundi, umelikata wewe hili?

— Mimi, mwalimu. Nina sakafu nzima nyumbani. Nataka uniandikie barua kwa wale maprofesa. Kwa Kiingereza. Uwaambie yangu pia hairudii.

— Naomba nione sakafu.

Garama alimpa simu. Picha zilikuwa nyingi, sebule kwa sehemu, jiko kwa sehemu. Mwalimu alizikuza, akazifuata kwa ukucha, akarudi nyuma, akafuata tena.

— Ni nzuri, — alisema mwisho. — Ni nzuri sana. Na ni kweli, sioni inaporudia.

— Hairudii, — alisema Garama, na pumzi ikamtoka.

— Haijarudia, — alisema mwalimu polepole.

— Si ni mamoja?

— Si mamoja, fundi.

Balozi alikereka.

— Mwalimu, samahani. Umetoka Makueni kuja kutufunza Kiswahili sisi wa Mwabungo?

— Nimeletwa kufunza hesabu, mzee. Ila hapa vimekutana. Haijarudia ni kile alichokiona fundi. Hairudii ni kitu cha kujua, na kwa macho hakijuliki. Hata taili ya mstatili, hii ya dukani, ukiilaza ovyo, moja wima moja ulalo, mchoro hautajirudia. Lakini ukitaka ujirudie, utakubali. Umbo la yule mzee halikubali. Ulipange utakavyo, ulibembeleze, linakataa. Yeye mwenyewe alipolipata hakujua kama linakataa. Alitafuta wenzake, wakaandika kurasa nyingi mno kuonyesha kwamba haliwezi kurudia, si hapa, si Lamu, si popote.

— Mimi sina wenzangu, — alisema Garama.

Alisema hivyo tu, si kwa kulalamika. Iddi alitazama miguu yake. Miaka kumi na zaidi alikuwa akikaa ubao mmoja na mtu huyu, na lile umbo alikuwa amelitazama leo kwa mara ya kwanza.

— Kwa hiyo la Taili ni bure? — aliuliza Jacktone.

— Sijasema ni bure. Huenda linakataa. Huenda halikatai. Sijui. — Mwalimu alirudi kwenye simu, akafika picha ya mwisho, jikoni, akagusa ukingo wake. — Hapa palikuwa na nini, fundi? Mbona umesimama?

— Hapo ni ukuta. Upande wa pili ni chumba cha kulala.

— Sawa. Sasa ukuta usingekuwepo, taili inayofuata ingelala vipi?

Aliuliza kwa upole, kama anavyomuuliza mwanafunzi mwenye kichwa kizuri, akitaka kusikia. Garama aliinamia picha ile. Alikijua kila kipande cha sakafu ile, angekitaja kwa kufumba macho. Kipande kile kimoja, cha upande wa pili wa ukuta, hakukijua. Alimtazama Balozi, na Balozi alikuwa akichungulia ndani ya kikombe. Alimtazama Iddi, na Iddi aliyekuwa na habari ya kila kitu hakuwa na habari. Jacktone alijikuna shingo.

Swali lile hakulisikia leo kwa mara ya kwanza. Hafsa alikuwa amesimama palepale palipokuwa mlango wa jiko lake, vumbi la simiti likiwa limemtuwama kwenye buibui la mazishi, na begi bado mkononi. Hakupiga kelele. Alimuuliza: Ukimaliza hapa utavunja ukuta wa chumbani. Ukimaliza chumbani utavunja wa nje. Ukimaliza wa nje utavunja wa jirani. Nambie, Garama, ni ukuta gani ukiuvunja utasema basi, nimejua? Alingoja jibu. Alingoja kwa muda wa haki kabisa. Kisha akabadilisha begi kutoka mkono huu kwenda huu, akatoka, na Garama, Mungu amsamehe, alirudi kwenye magoti yake kwa sababu simiti ilikuwa inakauka.

Nyumba ya kutosha haikuwepo. Hilo ndilo lililomwingia sasa, pale kwenye ubao, na lilimwingia lote. Angevunja kuta zote za Mwabungo na bado angekuwa na neno lilelile moja, haijarudia, haijarudia, mpaka afe. Na yule mwanamke alilijua kwa kutazama mara moja tu.

— Nitakuandikia barua, fundi, — alisema mwalimu, akimnyooshea simu na kipimo chake. — Tutauliza tu. Kuuliza si makosa.

— Ahsante, mwalimu. Waachie tu.

Alichukua simu yake. Aliufungua ule ujumbe wa alfajiri, akaufuta herufi moja moja, kutoka nyuma, mpaka likabaki jina la Hafsa, na hilo nalo akalifuta.

Bi Jumwa aliinua mdila ili amwongeze. Yalitoka matone mawili na machicha. Akautikisa, akauweka chini kando ya jiko.

— Imekwisha. Nisameheni. — Kisha, kwa kuwa alikuwa mama mwema na hakupenda mtu aondoke hivyo, akasema: — Kesho nitakuwekea ya kwanza, Fundi. Na mwenzio akirudi, mlete naye nimpe.

Garama alikuwa ameshasimama, gunia kwapani.

— Harudi, Bi Jumwa.

— Hajarudi, — alimsahihisha Iddi haraka. — Sema hajarudi, bwana.

Garama alimtazama mwalimu, na mwalimu, ambaye hakujua wanamsema nani, aliinamisha kichwa juu ya daftari zake.