Mashine ya Tano Tumeshaiwasha

Mgeni rasmi, Mratibu wa Mpango wa Kimataifa wa Huduma za Figo. Mganga Mfawidhi wa hospitali. Ndugu na jamaa mliokuja kutushangilia: salamu nyingi.

Sisi wagonjwa wa figo tunaosafishwa damu hapa kila Jumatatu na Alhamisi tunakukaribisha kwa mikono miwili. Mimi ninayesoma ni fundi seremala. Nimechaguliwa kwa kuwa nina sauti, na wenzangu wanadai sina haya. Basi naanza na lililo zito: mashine ya tano, uliyosafiri kuja kuizindua, tumeshaiwasha. Tangu Alhamisi iliyopita. Hata sasa kuna mtu amelazwa hapo, nyuma ya mlango wenye utepe wako. Tunapitia mlango wa uani ili tusikuharibie.

HISTORIA

Miaka sita iliyopita, kusafishwa damu ilikuwa safari ya basi ya saa tisa kwenda na saa tisa kurudi. Wengi walichoka wakaacha. Mpango wako ukatuletea mashine ya kwanza, nasi kwa heshima tukaifunika shuka tukisubiri uzinduzi. Mgeni wa siku hizo akaahirisha mara tatu. Wiki kumi na moja! Kila asubuhi tuliifuta vumbi. Katika wiki hizo alifariki mwalimu wa hesabu, wa kwanza kwenye orodha, akiwa chumba cha pili tu kutoka kwenye mashine. Hakuna aliyetukataza kuiwasha. Tuliona aibu kumtangulia mkubwa. Jambo hilo linatuuma mpaka leo.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tukisema tunajivuna, tunajivuna kweli. Sasa tuko ishirini. Fundi bomba wetu, aliyefundishwa na wataalamu wako kwa wiki tatu, anautunza mtambo wa kusafisha maji ya mashine kuliko anavyojitunza mwenyewe. Mkewe ndiye anayesema hivyo. Tunapimana uzito, na anayekula chumvi anasemwa mpaka akome. Mwenzetu mshona viatu amerudi kibandani kwake. Viti mlivyokalia, vyote arobaini, nimevitengeneza mimi tangu nianze matibabu. Kama vinawabana, laumuni vipimo vyenu.

CHANGAMOTO

Barua ya ofisi yako inasema mashine ikiwashwa kabla ya uzinduzi itahamishiwa kituo kingine. Tuliisoma vizuri, si kwamba hatukuelewa. Lakini Alhamisi hiyo aliletwa mpishi wa shule ya msingi, miguu imevimba, anahema kwa shida, na zile mashine nne zote zina watu. Daktari akasema huyu hawezi kungoja. Mumewe akauliza, "Na ile iliyofunikwa ni ya nani?"



Sista mkuu akalivuta shuka. "Mashine imepimwa, maji yamepimwa," akasema. "Onyo likija, liandikwe kwa jina langu."

Mgeni rasmi, liandike kwa majina yetu sote. Orodha tumeiambatanisha, na jina la mpishi ni la ishirini na moja.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi mengi: fundi wa pili, chumba cha kupumzikia, pazia. Jana usiku tumeyafuta. Yamebaki mawili. Usituondolee mashine, wala sista.

La pili si letu. Tumesikia hospitali nyingine tatu za mpango huu zina mashine zilizofunikwa, zinakusubiri upite mwezi ujao. Hatuwajui wagonjwa wao, ila tunajua wanavyohema. Tunakuomba uwapigie kabla hujakata utepe hapa, uwaambie wawashe leo. Simu ya ofisi ya Mganga Mfawidhi inafanya kazi, tumeijaribu asubuhi, na namba za hospitali zote tatu ziko chini ya karatasi hii.

Mungu akupe afya, wewe na wote wa nyumbani kwako, na figo zenu ziwe nzima mpaka uzeeni. Sisi tutakaa hapa tukusubiri umalize kuongea na simu.

Ni sisi,
Kikundi cha Jumatatu na Alhamisi,
Kitengo cha Kusafisha Damu.