Ardis Skogen na Samaki wa Ijumaa wa Duane

Ijumaa tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, wakili Ardis Skogen anastaafu kutoka kituo chetu cha ushauri wa sheria hapa Eau Claire. Nimekaa meza iliyo jirani na yake kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo, na nimeombwa niandike mambo mazuri tu. Nitajitahidi.

Wateja wa Ardis ni watu waliokodi jina la kampuni kubwa. Duka ni lao, mkopo ni wao, ila jina lililo juu ya mlango ni la wengine. Siku kampuni ikiwachoka, inawakatia mkataba. Hapa Wisconsin sheria ya jimbo haikubali jambo hilo lifanywe hivihivi: kampuni iwe na sababu ya msingi, itoe taarifa mapema kwa maandishi, na impe mwenye duka muda wa kurekebisha kosa.

Sheria ni nzuri, tabu ni watu wetu. Ofisa wa kampuni anafika na tabasamu lake, na mwenye duka, kwa kuogopa kuonekana hana adabu, anamkaribisha kahawa, anatia saini kwamba anaondoka kwa hiari, anamkabidhi funguo, na juu ya hayo anamfungashia keki ya njiani. Ndipo anatupigia simu. Aliyeondoka kwa hiari tutamtetea vipi? "Adabu peleka kanisani," Ardis amewafokea miaka yote, "funguo ziache mfukoni." Wachache walisikia.

Halafu yuko Duane Pribyl, mwenye duka la donati kule Cadott. Mkataba wake unaruhusu donati na kahawa. Duane akaanza kukaanga samaki kila Ijumaa kwa wazee wa mji wasiokula nyama siku hiyo, na kampuni ikamwandikia kwamba inauvunja mkataba. Nyumba yake iko rehani kwa ajili ya duka lile.

"Duane, una muda wa kurekebisha," Ardis alimwambia. "Acha samaki, duka linabaki lako."

"Sasa dada Ardis, wazee wangu Ijumaa watakula wapi?"

"Wakale kwao."

Akaacha, kampuni ikatulia, nasi tukapongezana. Kwaresima ilipoingia akawasha mafuta tena. Taarifa ya pili ikaja, na Ardis akagundua kwamba ofisa aliyekwenda kukagua alikula sahani mbili na kuomba kabichi ya nyongeza. Kampuni ikanywea. Tulicheka wiki nzima, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu Duane alidhani ameruhusiwa.

Taarifa ya tatu ilifika Machi mwaka huu. Safari hii Ardis hakuficha: "Mkosaji wa kurudiarudia siwezi kumwokoa. Utapoteza duka, kisha nyumba." Duane akajibu, "Sawa, sawa," na Ijumaa akakaanga. Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nilikasirika hadi nikakataa donati zake, jambo ambalo halijapata kutokea.

Majuzi alikuja kumuaga Ardis. Akaambiwa kwamba jalada lake sasa litakuwa langu. Alinitazama, kisha akamgeukia Ardis.

"Huyu anaweza kunitetea kama wewe?"

"Hapana," nikajibu mwenyewe. Nilikuwa nimechoka.

Jumatatu, kabla muda wa kurekebisha haujaisha, alipiga simu. Jiko la samaki amelipeleka kanisani, wazee watakula huko, yeye anabaki na donati. Kampuni imethibitisha kwamba mkataba unaendelea. Nilimpa Ardis habari hizo, akavua miwani.

"Kumbe miaka yote hii," akasema, "alikuwa ananitegemea mimi, si sheria."

Ardis, umetuchosha, na umetufundisha kazi. Ahsante kwa kila duka ambalo taa yake bado inawaka. Tunakuombea afya, usingizi na siku za raha. Simu ya nyumbani ikilia Ijumaa, usipokee.