Ukoo wa Kirusi cha Rubela

Kwenye basi la kwenda mji wa Paksan, mama mmoja mbele yangu alikuwa akimsimulia fundi pikipiki aliyeketi naye. Mjukuu wake aliugua rubela, ugonjwa wa vipele unaoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kisha akaugua Chansouk, jirani yao mjamzito.

"Wanakijiji wakasema ni sisi tuliomwambukiza. Wakatundika mianzi ya kusukwa langoni petu, mtu asiingie."

"Sasa mbona unacheka?"

"Maabara walichukua ute wa kooni mwao wote wawili, wakasoma vinasaba vya virusi. Virusi vyao si vya ukoo mmoja. Cha Chansouk kilitoka mjini."

"Mama, vidudu navyo vina ukoo?"

"Vinao, tena vinajua babu zao kuliko wewe."

Fundi akasema hayo ni maneno ya watu wa maabara. Mimi niliyesomea mambo hayo nilifungua mdomo, lakini hakuna aliyeniuliza.

"Bisha tu, mwanangu. Mtoto kazaliwa mzima, na Chansouk kaniita nimfunge uzi wa baraka mkononi kabla ya wote."

Basi likasimama. Fundi alimshushia kikapu huku bado anabisha. Chansouk alikuwa amekuja na mtoto hadi kituoni, wanakijiji wakiwa nyuma yake. Akaushika mkono ule mdogo, akamnyooshea yule mama. Dereva akazima injini.