Losike Ekuru na Paa la Boma la Zamani

Ejok, watu wa Lodwar, na nyinyi mliotoka Kakuma, Namoruputh na Kaaleng. Mimi ni Abei, dada mdogo wa marehemu. Wazee wa ukoo walitaka Mchungaji Opondo asome historia hii, nami nikakataa, maana kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa kitabu cha nyimbo na maandishi ya magunia ya unga, na haya nitakayosoma Mchungaji angeyapunguza makali. Anayetaka maneno laini asubiri maombi.

Losike Ekuru alizaliwa hapa Lodwar mwaka wa 1931, mtoto wa kwanza wa mzee Ekuru na mama Asekon, mwaka ule ule nyumba ya serikali, ile tuliyoiita boma, ilipokuwa ikijengwa. Nitaitaja nyumba hiyo mara nyingi, mnivumilie, kwa sababu aliyemuua ndugu yangu alianza na nyumba. Baba hakuijenga kwa kupenda, alikamatwa kwa kukataa kutoa ngamia wa kodi, akabebeshwa mawe kutoka mlimani mpaka kuta zikasimama, na mama alishikwa na uchungu wa kumzaa Losike siku aliyokuja kumletea baba maziwa. Mabati yaliletwa kwa lori kutoka Kitale, mazito, mekundu, na mtu aliyetoka malishoni aliyaona kabla ya kuiona Lodwar yenyewe.

Kuhusu masomo, marehemu hakukalia dawati hata siku moja, alikaa kwenye veranda ya boma akisikiliza kesi, na Kiswahili chake chote kilitoka huko, ndiyo maana hata nyumbani akikuomba chumvi ungedhani umeshtakiwa.

Mwaka wa 1950 aliajiriwa kufagia boma hilo, baadaye akapewa funguo na bendera, na Desemba ya 1963, bendera ya wageni iliposhuka na yetu ikapanda, kamba ilikuwa mkononi mwake. Ndani ya nyumba hiyo ziliamuliwa kesi za mifugo iliyoporwa, kwenye mlango wake mlipanga foleni ya mahindi mwaka wa njaa, na wengi wenu hapa mliandikishiwa vipande vya utambulisho humo, kwa hiyo msinitazame kama ninayezungumzia nyumba ya watu wa mbali. Akimkuta mtu ameegemea ukuta, Losike alimwambia, toa mgongo wako hapo, huo ni mgongo wa baba yangu.

Mwaka wa 1956 alimwoa Akal, binti wa mzee Nanok wa Kakuma, kwa ng'ombe, ngamia na mbuzi waliotolewa wote bila kubakishwa hata mmoja, nao wakajaliwa watoto watatu, Lomenen, Jerusha na Ekuru, ambao wako hapa mbele yenu pamoja na mama yao.

Mwaka wa 1974 ofisi zilihamia jengo jipya, boma likafungwa, Losike akaachwa kulilinda. Karani Gitau, akibeba faili za mwisho, alimtania, Losike, sasa wewe ndiye DC, naye akamjibu, basi nisalimie vizuri.

Sasa nifike kwa Ethuro. Ethuro ni mtoto wa ndugu ya baba yetu, tumekula chungu kimoja, na wakati huo alikuwa na lori la kubebea watu mizigo. Machi 1976 alikuja akamwambia Losike kwamba mama mkwe wake yu mahututi Kakuma. Losike akauliza, boma nitamwachia nani? Ethuro akasema, mimi si ndugu yako? Losike akaenda, akamkuta mama mkwe anakamua mbuzi, mzima kuliko yeye, na bibi akamuuliza, kwani ni nani ameniua? Aliporudi Lodwar alikuta kuta na mbingu. Paa lilikuwa limeondoka lote.

Losike akashtakiwa, na Ethuro akasimama kortini, akashika Biblia, akasema Losike ndiye aliyeuza mabati kwa wafanyabiashara wa kupita. Karani Gitau peke yake alisema kwamba mtu huyu hajawahi kuchukua hata msumari, lakini hakusikilizwa. Ndugu yangu akafungwa mwaka mzima, na watu waliokuwa wakimwita mzee wa bendera wakaanza kuwaita watoto wake wana wa mwizi.

Alitoka jela Mei 1977 na kifua kibovu. Mvua ya Novemba iliponyesha, maji yakaingia katika nyumba isiyo na kofia, kuta za baba zikalainika zikaanguka, na kuanzia siku hiyo Losike hakuinuka kitandani. Madaktari walisema ni TB, na mimi siwabishii, wao wanajua mapafu. Alifariki tarehe 9 Juni 1978, asubuhi, akiwa na miaka arobaini na saba, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, Abei, usinililie, sema.

Basi nasema. Mwaka ule Losike alipokuwa jela, Ethuro alifungua baa Kakuma, yenye paa la rangi ya buluu. Upepo wa Kakuma una mchanga, na mchanga haupokei hongo, ukaikwangua buluu hiyo mpaka wekundu ukatoka. Nyinyi wa Kakuma mmekaa chini ya paa hilo mkinywa bia, mkainua macho, mkayarudisha kwenye chupa.

Ethuro, keti. Sijamaliza.

Yule fahali mwekundu aliyesimama pale ameletwa na Ethuro, awe nyama ya matanga. Ukoo wetu unajua maana yake, tukimla mnyama wa mtu, kesi imekwisha, hakuna wa kuifungua tena, na Losike atabaki mwizi mpaka wajukuu. Ndiyo sababu mnasikia njaa. Hakuchinjwa, hatachinjwa, kamba nimeifungua mimi mwenyewe alfajiri, na mwenyewe akirudi Kakuma arudi naye. Mtakula mbuzi wa Akal, ni wachache na wamekonda, lakini ni wetu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jirani yetu Jerotich aliyempikia uji miezi yote hiyo, askari jela mmoja aliyempa blanketi lake, ambaye jina lake hakutaka nilitaje, na Karani Gitau, aliyefunga safari ndefu kuja kumzika mtu aliyemtetea.

Mawe haya ya kufunika kaburi tumeyatoa kwenye kuta zilizoanguka, ni yale yale ya baba, na kila mtu ataweka lake. Wewe Ethuro usiguse. La kwako nimelitenga pale kando, na siku utakayoyashusha mabati hayo, ukasimama barazani na kusema kwa mdomo wako ni nani aliyeyachukua, nitakukabidhi jiwe hilo mimi mwenyewe. Ukifa kabla ya siku hiyo, litabaki hapo hapo, na watoto wako watauliza ni la nani.

Pumzika kwa amani, mwana wa Ekuru, chini ya mawe ya baba yetu. Mimi bado.