Mzee Abubakary, Aliyemwozesha Binti Yake Akiwa Msumbiji

Wasikilizaji wapendwa, leo tuko na Mzee Abubakary Azan. Tuko naye kwa kumbukumbu tu, maana Jumatatu iliyopita tulimzika pale Mahege, wilayani Kibiti. Mzee Abubakary, fundi wa pantoni ya Ndundu, ametutoka akiwa na miaka sabini na minne. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wanaomjua wanajua jambo moja: mzee huyu hakuwa mtu wa kutulia. Kiguu na njia. Tulimwalika hapa studio mwaka juzi, kiti kikamshinda. Mara asimame, mara agonge kipaza sauti, mara aniulize ile feni inakwaruza nini. Kipindi cha nusu saa, alikaa labda dakika nne.

Kazi ndiyo iliyomzoeza. Miaka ishirini alivusha watu na magari mto Rufiji. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, sisi wengine tulishangilia. Yeye alirudi nyumbani, mikono haina kazi. Mkewe, Bi Mwanasiti, anasema: "Alikuwa akiamka anazunguka nyumba. Kafungua bomba, kalifunga. Kapanda juu ya bati, kashuka. Nikamwambia, mume wangu, unanitia kizunguzungu."

Sasa sikilizeni hii ya mwaka 2016. Binti yake wa pekee, Hadija, mwalimu kule Mtwara, anaolewa. Shekhe keshaeleza: baba yupo hai, basi baba ndiye walii, ndiye atakayeozesha. Ndoa saa kumi alasiri. Nasema tena, saa kumi alasiri, Mtwara mjini.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo, wakiwa wameshafika Mtwara, mzee akasikia kwamba kwenye mto Ruvuma kuna pantoni ya kuvukia Msumbiji. Basi tena! Akamwambia mkewe, "Nakwenda kuisikiliza injini tu. Adhuhuri niko hapa." Akapanda gari, akagongewa mhuri mpakani, akavuka. Ndivyo alivyofika nchi ya watu, mara ya kwanza na ya mwisho, amevaa kanzu ya harusi.

Ng'ambo, baharia mmoja akamwonya: "Mzee, rudi na safari hii hii, maji yanatoka." Akacheka. "Mto hautoki kwa siku moja, mwanangu. Nimekaa mtoni miaka ishirini." Wasikilizaji wa delta ya Rufiji, najua mnamcheka. Nyinyi mnalala na kuamka na maji kupwa na maji kujaa. Lakini Ndundu ni huko juu, maji yake hupungua kiangazi kikiingia. Hakujua kwamba pale Ruvuma, karibu na bahari, mto nao hupwa. Akazama chumba cha injini, wakapiga soga. Alipotoa kichwa, pantoni imekaa juu ya mchanga. Maji yangerudi usiku, na usiku haivuki. Mpaka kesho.

Akateremka akaisukuma kwa mikono. Pantoni nzima! Watu wakamshika, wakamkalisha, akainuka tena.

Simu yake ilikuwa imeisha chaji. Bi Kijakazi, muuza machungwa wa Mtwara aliyekwama naye, akamwazima yake. Mtandao ulishika sehemu moja tu, kwenye ncha ya lango la pantoni. Saa kumi mzee akasimama hapo, kanzu ina tope hadi magotini. Kule Mtwara shekhe akaweka simu kwenye spika, akamwambia ateue wakala.

"Mimi Abubakary Azan nampa uwakala mdogo wangu Ismaily, amwozeshe binti yangu Hadija!"

Sauti ikakatika. Akarudia. Ikakatika. Akarudia mara ya tatu, sasa analia. Ndipo shekhe aliposema, "Tumesikia." Bi Kijakazi akapiga vigelegele, akamenya machungwa. Dereva wa lori akatoa mikate. Harusi ikaliwa ng'ambo, na watu wasiomjua bibi harusi.

Hadija hakucheka. "Wenzangu huozeshwa na baba," aliniambia. "Mimi niliozeshwa na spika ya simu." Kesho yake baba alipofika, alikataa kutoka chumbani. Sitawaficha, hata mimi ningekataa. Mwaka mzima hakusema naye. Mzee akawa anapanda basi kila mwezi, Kibiti hadi Mtwara, anatengeneza bawaba za mlango wa bintiye, anaondoka. Mwezi wa kumi na tatu Hadija akamtolea chai.

Bi Mwanasiti, Mzee Ismaily, Hadija, na jamaa wote wa Mahege na Ndundu, poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Nasi tuliobaki, kila mmoja amfikirie yule anayemkera nyumbani kwake, ambaye bado yu hai.

Hadija ndiye aliyekuwa naye mwishoni. Aliniambia hivi: "Maisha yangu yote nilimwomba baba atulie. Alfajiri ile akatulia. Nikamtikisa, nikamwambia, baba, inuka, nenda popote unapotaka, nitakusubiri."