Jeshi Lilisema Mjukuu Wangu Ni Mwongo

Asifiwe Bwana! Aa-aa, hiyo ni sauti ya watu hawajanywa chai. Masikio yangu yamezeeka, nipeni tena. Asifiwe Bwana! Eeh, sasa nimesikia.

Ndugu zangu, mnanijua, mimi ndiye Jaja Nafuna, bibi yenu, yule mama wa mandazi hapa Bugembe. Shule sikusoma. Nilifika mlangoni wakanirudisha nyumbani nibebe mtoto wa dada. Kiswahili changu ni cha kambini, marehemu mzee wangu alikuwa askari. Nimezaa kambini, nimepika kambini, kwa hiyo nikiongea mkaona kama nagombeza kuruta, msinikasirikie, ndiyo mdomo Mungu alinipa. Pasta ameniambia, "Jaja, kwa kifupi." Pasta, nimekusikia. Kaa tu.

Nataka kuwaambia vile Bwana alimtoa mjukuu wangu Wambede shimoni. Na si lile shimo la nyimbo za watoto, ndugu zangu. Ni shimo nililiona kwa macho haya.

Wambede ni mtoto wa mwanangu wa kwanza, ambaye tulimzika. Mama yake akaolewa mbali, mtoto akabaki na mimi. Kwetu ni huko juu ya Mbale, milimani, kule ukianguka shambani kwako unaenda kusimama shambani kwa jirani. Alikuwa mtoto wa kucheka. Alikuwa anaiga kila mtu, hata mimi, anafunga kitambaa kiunoni anatembea kama goti linamuuma. Nilikuwa namkimbiza na mwiko.

Halafu mwaka wa kukata ukakaribia. Nyinyi Wasoga na nyinyi ndugu zetu wa Kenya, ngoja niwaeleze. Sisi Wagisu tohara yetu inaitwa imbalu. Kijana anavaa kengele mapajani, anacheza, anapakwa unga, halafu anasimama mbele ya watu wote anakatwa, na hapepesi jicho. Basi Wambede akaacha kulala. Akawa anaongea na ukuta wa jiko. Anakimbia mlimani na kengele zake, ngoma hakuna, wenzake hakuna, anacheza peke yake mpaka miguu inatoka damu. Anasema, "Kukhu, kuna watu wananiita." Kukhu ni bibi, kwa lugha yetu. Namuuliza watu gani, ananionyesha migomba.

Sasa sikilizeni vizuri, maana jambo lote liko hapa. Kwetu hiyo hatuiti ugonjwa! Tunasema imbalu imemshika. Na kijana akishikwa hivyo watu wanafurahi, wanasema huyu ni dume. Tulipiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilicheza mpaka kanga ikanidondoka. Akakatwa, akasimama kama nguzo ya umeme, hakupepesa. Lakini kidonda kikapona na wale watu wa kwenye migomba wakaendelea kumwita. Siku moja wakamfunga kamba, wakampeleka hospitali kubwa Mbale, kwenye wodi ya vichwa. Akapewa vidonge, akatulia, akarudi. Na baba yake mdogo, mwanangu Gidudu, akasema, "Imbalu ya huyu ilikuwa kali!" Ikaishia hapo. Ikawa hadithi ya kuchekesha watu kwenye pombe.

Alipoenda kuandikishwa jeshini, daktari akamuuliza: umewahi kuugua malaria? Ndiyo. Taifodi? Ndiyo. Ugonjwa wa akili? Hapana. Ndugu zangu, hata mimi mngeniuliza ningesema hapana, na Biblia mkononi. Hakuna mtu kwetu alikuwa amewahi kulitaja hilo neno.

Akawa askari. Mzuri! Gwanda lake lilipigwa pasi mpaka unaogopa kuligusa. Mimi nilikuwa nimeshahamia hapa Bugembe. Akija likizo anashuka hapa stendi, watoto wanamfuata, mimi nauza mandazi kwa maringo, asiyenisalimu simpi.

Na mdomo ndio ulimponza. Siku moja walikuwa kwenye zahanati ya kambi, askari wengi kwenye benchi, wanangoja sindano, wanataniana. Wambede akawaambia, "Nyinyi mlikatwa hospitali mmechomwa ganzi kama wanawake wa leba! Mimi imbalu ilinishika mpaka nikafungwa kamba, nikalazwa wodi ya vichwa!" Wakacheka. Nesi hakucheka. Nesi hakuwa Mgisu.

Baada ya hapo akaitwa, akaulizwa, akaeleza yote bila kuficha, anadhani bado ni hadithi. Wakamvua gwanda. Wakasema alipoandikishwa alificha ugonjwa wa akili, ni mdanganyifu, aende nyumbani, na hana haki yoyote.

Akafika kwangu amevaa suruali ya kuazima. Hakusalimia. Akakaa nyuma ya nyumba, kwenye gogo, uso kwa ukuta. Ile kucheka yake ikakauka kama mto wa kiangazi. Nikimpa chakula, kuku wanakula. Watu wa hapa, Mungu awasamehe, mliokuwa mkipita mnamtania, naomba mlie leo. "Kamanda, leo unapigana na nani?" Watoto walewale waliokuwa wanamfuata stendi, sasa wanampigia saluti wakikimbia. Nilikuwa nawasikia nikiwa kwenye karai langu la mafuta. Nilitamani mafuta yale yawe na miguu.

Akawa anarudia neno moja tu: "Kukhu, mimi si mwongo." Asubuhi: si mwongo. Jioni: si mwongo. Anajibu watu ambao mimi siwaoni.

Halafu siku moja akatoka asubuhi, akaenda mtoni, na hakwenda kuoga. Wanawake waliokuwa wanachota maji walimshika shati, wakamkalia, ndiyo, walimkalia wote, wakapiga kelele mpaka watu wakaja. Mmoja wao yuko hapa ndani leo. Mama Atieno, simama wakuone. Eeh, huyo muuza mitumba. Mnaona huo mwili? Bwana anaumba kitu kwa kusudi lake!

Tulimpeleka kituo cha afya, wakampa vidonge. Taratibu akaanza kulala. Na Mama Atieno akaja kwangu akaniambia, "Jaja, huyu mtoto kilichomvunja ni lile neno mwongo. Kuna kitu inaitwa rufaa. Unaenda unawaambia, mmekosea, nisikilizeni tena."

Nikamwambia, "Wewe! Jeshi linaambiwa limekosea?"

"Linaambiwa, Jaja. Pole pole, na heshima, lakini linaambiwa."

Kijana mmoja wa kanisa hili anayejua mambo ya sheria akatuandikia maombi. Nikapanda teksi mpaka Mbale kumtafuta Gidudu, aje awe shahidi, maana yeye ndiye alisimamia ile imbalu. Gidudu akaja. Na Gidudu, ndugu zangu, alikuja na balaa. Alipoona vile vidonge juu ya meza akaruka.

"Mama, mnataka kushinda au mnataka kushindwa? Mtu mzima hamezi dawa za wazimu. Wakimpima damu wakazikuta, kesi imekwisha!"

Nikasema, "Gidudu, hizi ndizo zinamlaza."

"Atalala akirudishiwa bunduki yake."

Nilibisha mpaka koo likakauka. Lakini Wambede alimsikiliza mwanaume. Akavitupa chooni, mimi nikiona. Wiki hazikuwa nyingi, akaanza tena kugeuza shingo, kama mtu ameitwa. Nikimuuliza, anasema, "Kukhu, niko sawa." Mnaelewa vile tulikuwa? Tulikuwa tunaenda kuthibitisha kwamba mtoto si mwongo, na kila siku tunamfundisha kudanganya. Nilipiga magoti nikaomba, "Bwana, mrudishie gwanda." Nilikuwa naomba hivyo tu. Gwanda, gwanda. Mungu alikuwa ananisikiliza akitikisa kichwa.

Siku ikafika. Huku Jinja, kambini. Maafande wamekaa kwenye meza ndefu, nyota mabegani, kofia mezani. Nikakaa ukingoni mwa kiti. Mkubwa wao akaniuliza kwa Kiswahili, "Mama, wewe ni nani wake?" Nikasikia kile Kiswahili cha kambi, woga ukanitoka! Nikamwambia, "Afande, mimi ni bibi yake, na ni mjane wa askari, na hicho kiti ulichonipa kimevunjika mguu." Wakacheka, nikaletewa kingine.

Nikawaeleza yote niliyowaeleza nyinyi. Migomba, kengele, kamba, wodi. Gidudu alikuwa ameniambia wodi niiruke. Sikuiruka. Nikasema, "Afande, mlimuuliza ugonjwa. Kwetu hatukuwa na ugonjwa, tulikuwa na sherehe! Na niambieni, maana mimi sikusoma: mtu anayeficha kitu anaenda kujisifu nacho kwenye benchi ya hospitali yenu, mbele ya nesi yenu?"

Wakatazamana. Mmoja akaficha tabasamu kwa mkono. Gidudu akasimama, akathibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa, na akaongeza, "Ilikuwa imbalu tu, afande. Tangu hapo ni mzima kabisa." Yule mkubwa akaitikia kwa kichwa. Ndugu zangu, nilihisi ushindi unaingia mlangoni. Niliuona mguu wake!

Ndipo mkubwa akamgeukia Wambede. Hakumfokea. Alimuuliza kama mzazi.

"Wambede, tukikurudishia bunduki leo, usiku utalala?"

Swali ndilo hilo. Jibu ni neno moja. Aseme "ndiyo, afande", na anavaa gwanda lake, na wale watoto wa stendi wanafunga midomo. Gidudu alikuwa anamkanyaga kiatu. Mimi nilifumba macho. Sikuomba gwanda tena. Nilisema tu, Yesu. Yesu. Sikuwa na neno lingine.

Wambede akasimama wima, mikono ubavuni, kama alivyosimama siku ya kukatwa. Akasema, "Hapana, afande. Silali. Wananiita hata sasa. Nisingependa kushika bunduki."

Hakupepesa, ndugu zangu! Hakupepesa!

Gidudu alifyonya mpaka nikaona aibu. Yule mkubwa akavua miwani, akajipangusa uso, akasema, "Huyu mwongo wenu, mimi sijawahi kuona askari mkweli kama huyu." Wakatutoa nje tungoje.

Gidudu hakungoja. Alisema, "Mmejichimbia wenyewe," akaenda stendi, akarudi Mbale, na mpaka leo akinipigia simu anaulizia mbuzi tu, mtoto hamtaji.

Tulipoitwa ndani, wakasema hivi. Jeshini harudi. Hiyo wamekataa, na nisiwadanganye, iliniuma kama jino. Lakini lile neno wamelifuta. Hakudanganya. Ameachishwa kwa sababu ya ugonjwa, kama askari mwingine yeyote aliyeumia kazini, na haki zake anapata, na matibabu anapewa katika hospitali yao. Wambede akapiga saluti yake ya mwisho. Tulipofika nje akakaa chini kwenye nyasi, akalia kwa sauti, mtu mzima, na mimi nikakaa naye, na magoti yangu haya nilidhani sitainuka tena. Akaniambia, "Kukhu, nimechoka. Nipeleke nikameze dawa."

Ndugu zangu, hilo ndilo nililokuja kusema. Nyinyi mnangoja muujiza, muone mtu anaangushwa hapa mbele pepo linatoka. Mimi niliuona muujiza wangu kwenye meza ya maafande, mtoto alipotoboa ukweli uliomnyang'anya kazi. Siku ile ndiyo alianza kupona. Kwa Mungu hakuna uongo wa kukusaidia. Asanteni Mama Atieno na wale wamama wa mtoni. Asante Pasta, uliyeomba na sisi na hukusema achome vidonge moto. Asante Yesu!

Simwambii mtu hapa kwamba mambo yamekwisha. Kuna siku anaamka vizuri, anakanda unga na mimi. Kuna siku anageuza shingo, na mimi naacha karai langu naenda kukaa naye. Leo hayupo hapa. Dawa zinamlaza mpaka jua liwe kali, na tumbo limemtoka, na mikono inatetemeka kidogo. Hana ile furaha ya zamani. Lakini anapumua ndani ya nyumba yangu, na hakuna anayemwita mwongo.

Na wewe uliye na mtu umemfungia chumba cha nyuma, unasema ni mizimu, unasema ni imbalu, unasema ni jirani amemloga, mtoe. Mwombee, na umpeleke hospitali, yote mawili, Bwana hana wivu na madaktari. Usiogope midomo ya watu. Mimi nimeuza mandazi katikati ya hiyo midomo na bado nimenenepa!

Mkitoka hapa, piteni kwangu mmsalimie. Msiende wengi, anachoka. Msimuulize mambo ya jeshi, na msimpigie saluti, hata kwa mzaha. Kaeni naye kwenye gogo. Akinyamaza, nyamazeni naye. Akisema kitu, hata kidogo, mwaminini.

Pasta, nimemaliza. Asifiwe Bwana.